Kutafuta sheria za Marekani mtandaoni: Justia, Cornell, au tovuti ya jimbo lenyewe?

Mgeni_Columbus: Hamjambo wanajamvi. Nimehama nyumba hapa Ohio, na mwenye nyumba amekalia dipoziti yangu. Mtandaoni nimesoma ana siku 21 kuirudisha, jamaa yangu anasema 30. Nyumbani nilizoea Kenya Law, sheria na hukumu pahali pamoja. Huku nianzie wapi? Au nilipie Westlaw, ile hifadhi ya sheria na hukumu ya kulipia?

MamaDallas: Usilipe hata senti. Hizo 21 ni za California, umesoma sheria ya watu wengine. Dipoziti ni suala la jimbo, kwa hiyo ukipekua sheria za shirikisho, yaani za nchi nzima, utakesha bure. Fungua codes.ohio.gov, kifungu cha 5321.16: siku 30. Huku Texas pia ni 30, ila kifungu chetu usikinukuu huko, hakimu atakushangaa. Anwani yako mpya ulimpa kwa maandishi?

Mgeni_Columbus: Nilimwambia kwa simu, mama. Kwa mdomo tu.

MamaDallas: Basi kisome kifungu mpaka mwisho.

BushLawyer: Mimi si wakili, ni mchokonozi tu. Justia, tovuti ya bure ya sheria, ni nzuri kwa kulinganisha majimbo, lakini tazama mwaka juu ya ukurasa. Wanaweka matoleo ya zamani pia, na Google inaweza kukutupa kwenye la miaka kumi nyuma. Yalishanikuta. Tovuti ya sheria ya Chuo Kikuu cha Cornell (LII, ipo tangu 1992) naitumia zaidi kwa sheria za shirikisho. Kwa kanuni, mfano za uhamiaji, nakwenda eCFR, mkusanyo wa kanuni za shirikisho mtandaoni wa serikali yenyewe.

Karani_Mstaafu: Kifungu peke yake hakitoshi, lazima ujue mahakama zimekisomaje. Google Scholar ni bure: chagua hukumu, kisha mahakama za Ohio. Ina hukumu za rufaa za majimbo kuanzia 1950. Kasoro yake ni kwamba haikuambii waziwazi kama hukumu imeshatenguliwa, na hapo ndipo Westlaw na mwenzake Lexis, nayo ya kulipia, zinapoiacha mbali. Lakini usizinunue. Kaunti nyingi zina maktaba ya sheria ambako unaketi ukazitumia bila malipo. Mkutubi hatakushauri kuhusu kesi yako, atakuonyesha tu pa kutafuta.

Kijana_wa_Tanga: Na PACER je? Naisikia sana.

Karani_Mstaafu: Hayo ni majalada ya mahakama za shirikisho, kijana wangu. Senti 10 kwa ukurasa, hati moja haizidi dola 3, na usipofikisha zaidi ya dola 30 kwa robo mwaka unasamehewa. Kabla ya kufungua hati PACER, pitia CourtListener, hifadhi ya bure ya hati za mahakama. Wenye kutumia RECAP, programu ndogo ya kivinjari, wakinunua hati PACER, nakala hubaki pale bure. Ila ya dipoziti huyakuti huko, hayo ni ya mahakama ya madai madogo.

Mgeni_Columbus: Nimekisoma chote. Akiizuia kinyume cha sheria, namdai pesa yangu, nyingine kiasi hichohicho, pamoja na gharama ya wakili. Lakini nisipompa anwani kwa maandishi, hiyo nyongeza na ya wakili nimeyakosa. Tovuti niliyosoma mwanzo haikugusa hilo hata kwa neno moja! Naandika barua usiku huu.

MamaDallas: Ipige picha kabla hujafunga bahasha.