Ushauri: Njia ya mzunguko msituni kwa mama mwenye maumivu ya magoti na mtoto wa miaka 7

Nyayo (mleta mada)
Habari zenu wanajukwaa. Ninapanga kutembea na mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, pamoja na binti yangu wa miaka 7, katika hifadhi ya msitu yenye njia ya mzunguko ya kilomita 6, ambayo bango la langoni linaieleza kuwa ni rahisi na ambayo jumla ya miinuko yake ni mita 150. Mama anatembea vizuri kwenye tambarare, ila magoti humsumbua anaposhuka. Ukishika mkono wa kulia pale njia inapogawanyika, unakutana mapema na kilima kifupi lakini kikali, kisha unateremka polepole hadi mwisho. Ukishika wa kushoto, mambo yanageuka. Naomba kujua tuelekee upande upi na tutenge muda gani.

Kontua
Shikeni kulia. Kwa kuwa mzunguko hukurudisha pale pale ulipoanzia, kila mita mtakayopanda lazima mtaishuka, na kilichobaki mikononi mwenu ni kuchagua mtaishukia wapi. Mtu anaposhuka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya kuuzuia mwili usiporomoke, na goti ndilo linalobeba mzigo huo katika kila hatua. Kupanda huchosha mapafu zaidi, lakini mapafu hupona kwa kusimama dakika chache.

Kuhusu muda, wapanda milima wengi bado hutumia kanuni ya William Naismith wa Scotland ya mwaka 1892, ambayo kwa vipimo vya leo ni takriban saa moja kwa kila kilomita 5 na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia yenu hiyo ni kama dakika 87. Hata hivyo, kanuni hiyo ni ya mtu mzima mwenye afya asiyesimama njiani, na sijapata kumwona mtoto wa miaka 7 akipita uyoga bila kusimama. Tengeni saa 3.

Mwendapole
Hesabu ya muda naikubali, lakini upande wa kulia una hatari ambayo Kontua ameiruka. Mama akichoka baada tu ya kufika juu ya kilima na mkaamua kurudi, mtakuwa mmemlazimisha kushuka mteremko ule ule mliotaka kuukwepa. Katika njia ya kwenda na kurudi, kugeuka humpunguzia mtu mwendo wakati wowote kabla ya mwisho wa njia. Katika mzunguko, ukishapita nusu, kurudi ulikotoka ni kurefu kuliko kuendelea, kwa hiyo uamuzi wa kugeuka una maana katika kilomita 3 za kwanza tu. Mimi ningeanza kushoto, nikatembea mwinuko wa polepole hadi mahali fulani nilipopachagua kwenye ramani kabla ya kuondoka, na kama goti limeanza kulalamika ningegeuka hapo bila mjadala.

Kontua
Hoja ya Mwendapole ni ya haki, ila akishika kushoto na asigeuke, kilima kikali kitakuwa mteremko wa mwisho, wakati miguu imechoka. Ndugu Nyayo, mwombe mama apande na kushuka ngazi siku chache kabla. Akipanda bila shida, nendeni kulia. Akipata maumivu hata kwa kupanda, nendeni kushoto na mrudi kwa njia hiyo hiyo. Si lazima mzunguko ukamilike.

Majani Mabichi
Nyote mmezungumzia miinuko, nami naona ardhi ya msituni ina neno lake. Bango hilo halijui kama jana ilinyesha. Mizizi iliyolowa huteleza kuliko mawe mengi, na majani yaliyoanguka huificha, kwa hiyo viatu viwe na soli yenye meno. Mkikuta tope, piteni katikati yake, maana kila anayelizunguka huipanua njia na kukanyaga miche ya pembeni. Binti atafurahi, bibi yake huenda asifurahi. Kukiwa na upepo mkali, ahirisheni, kwa sababu matawi makavu huanguka bila kutoa taarifa. Anzeni asubuhi, kwani chini ya miti mikubwa giza huingia mapema kuliko nje.

Fuateni alama za rangi kwenye miti, na mkitembea kitambo bila kuona alama, rudini kwenye ile ya mwisho badala ya kubahatisha mbele. Mkitoka, kagueni kupe nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye nywele za mtoto. Akipatikana, mshikeni kwa kibanio karibu kabisa na ngozi na mvuteni moja kwa moja, bila mafuta wala moto.

Nyayo
Nawashukuru sana. Tutafanya jaribio la ngazi kwanza. Je, fimbo za kutembelea zitamsaidia mama, au zitamkwaza?

Mwendapole
Zitamsaidia, hasa zikiwa mbili, kwa sababu mikono huchukua sehemu ya uzito wakati wa kushuka. Azirekebishe hadi kiwiko kifanye pembe ya digrii 90 anaposimama kwenye tambarare, kisha azirefushe kidogo mnapoanza mteremko. Ajizoeze nazo kabla ya siku hiyo.