Kugeuza RAM iliyobaki kuwa diski kwenye Linux

mkungu22: Wakuu, mashine ina RAM GB 16, nyingi imekaa bure. Nataka GB 4 ziwe diski ya mafaili ya muda ninapokompaili. Ikijaa inakuwaje?

fundi_waya: Mkuu, huhitaji programu yoyote, tmpfs (mfumo wa mafaili unaokaa kwenye RAM) imo tayari ndani ya Linux:

`sudo mkdir /mnt/ram`
`sudo mount -t tmpfs -o size=4G,mode=1777 tmpfs /mnt/ram`

Usipoandika size, kikomo kinakuwa nusu ya RAM. Hizo GB 4 hazitengwi; kinacholiwa ni ukubwa wa mafaili yaliyomo. Piga `free -h`, utaona safu ya shared inapanda. Ikijaa utapata "No space left on device" na kazi inakatikia hapo. Kuongeza bila kupoteza kitu:

`sudo mount -o remount,size=6G /mnt/ram`

bi_terminali: Ramfs, ndugu yake tmpfs, achana nayo. Haina kikomo wala haiendi swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikibana), itakula RAM mpaka mashine igande. Tmpfs memori ikibana huhamia swapu, na hapo unarudi kwenye kasi ya diski ileile uliyoikimbia. Umeme ukikatika vyote vimekwenda, kwa hiyo weka humo mafaili ya .o tu (yale kompaila inayoyatengeneza), sosi, yaani msimbo ulioandika, ibaki diskini.

mkungu22: Nikiwasha upya?

fundi_waya: Ongeza kwenye /etc/fstab (orodha ya diski zinazounganishwa mashine ikiwaka):

`tmpfs /mnt/ram tmpfs size=4G,mode=1777 0 0`

Itarudi, ila tupu. Halafu pima kwanza kwa `time make`: Linux hutunza mafaili yaliyosomwa karibuni kwenye RAM yenyewe, na mara nyingi kinachochelewesha ni prosesa.