Naomba ushauri: king'amuzi gani kitampa mzee taarifa ya habari bila kulipia kila mwezi?

Wakuu, habari za leo. Baba yangu yuko kijijini, Rukwa. Nilimnunulia king'amuzi cha dishi, lakini kifurushi kikiisha anabaki na TBC1 tu. Mzee hataki. Anasema hiyo ni ya serikali, na tangu Januari 2016 waziri Nape Nnauye alipotangaza kwamba TBC haitarusha tena Bunge moja kwa moja kwa sababu ya gharama, imani yake ilikatika. (Enzi za RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, alikuwa haachi redio hata shambani!)

Nakumbuka Agosti 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwazuia wenye ving'amuzi vya dishi kuonyesha chaneli za bure kama ITV na Channel Ten, kwa kuwa leseni zao zilikuwa za kulipia. Sasa wapo wanaoniambia ninunue cha antena, maana hata usipolipa chaneli hizo hubaki. Ni kweli? Na je, huko milimani antena inashika, au nimpelekee tu redio ya mkulima ya betri asikilize idhaa za nje? Bajeti yangu haizidi laki moja.