Pesa ya afya Lamu: mashine za hospitali kubwa kwanza, au dawa za presha na sukari zahanatini?

MLETA MADA (Langoni, Amu)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Kila bajeti ya afya ya kaunti yetu inapozungumzwa, inayosikika zaidi ni hoja moja: hospitali ya Amu, yaani mji wa Lamu, iongezewe mashine na mabingwa, tuachane na kuvushwa hadi Mokowe upande wa bara na kupelekwa Malindi au Mombasa kwa barabara ya Witu na Garsen. Mimi napinga mpangilio huo. Shilingi ya kwanza iende kwenye dawa za presha na sukari, pamoja na vifaa vya kupimia, katika kila zahanati ya visiwani na ya bara, mwaka mzima bila kukatika.

Presha haiumi. Mtu ana 170 kwa 100 na anakwenda baharini, anarudi, anauza samaki wake, hajui kitu mpaka kiharusi kimwangushe. Sukari nayo hula macho, figo na mishipa ya miguu kwa miaka bila kelele. Dawa za kuanzia, kama metformini kwa sukari na amlodipini kwa presha, ni za zamani, bei yake si kubwa, wala hazihitaji bingwa kila mwezi. Zinahitaji kumezwa kila siku. Figo zikishakufa, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara mbili au tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara, hadi apandikizwe figo au afe. Tunaililia mashine hiyo huku tukiacha kabati za zahanati tupu, na kabati tupu ndiyo inayowapeleka watu kwenye mashine.

Mama yangu mdogo alipogunduliwa ana sukari aliambiwa aache mahamri na halua, akaandikiwa dawa, akafika dirishani akaambiwa hazipo. Vijiti vya kupimia vilikuwa vimekwisha. Mara ya pili vilevile, na juu yake akakaripiwa kwamba hafuati masharti. Akaacha kwenda. Nani angeendelea? Linaloniumiza zaidi ni kwamba mtaani wote wakasema ni yeye asiyejipenda.

Na jambo hili lina sura ya pesa. Tangu Oktoba 2024, SHA (mamlaka mpya ya bima ya afya) ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya taifa, huduma za zahanati na vituo vya afya zinalipiwa na mfuko wa afya ya msingi; mtu ajisajili tu. Hospitali ni habari nyingine, huko unatakiwa uwe umelipa mchango. Dawa ikikosekana zahanatini, mvuvi asiye na mshahara anasukumwa kutoka penye huduma ya bure hadi penye malipo.

MCHANGIAJI (Shela)

Kaka, sikubaliani nawe. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana miezi ya kusubiri. Anahitaji damu, chumba cha upasuaji na daktari wa ganzi usiku huohuo. Ukimpakia kwenye boti wakati wa kusi, bahari imechafuka, unacheza na roho mbili. Presha ina muda, uzazi hauna. Halafu tusiibebeshe serikali kila kitu. Nani anatulazimisha kula viazi karai na kaimati kila jioni?

MUUGUZI MSTAAFU (Mkomani)

Wanangu, nimesoma nyote. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko sita vya chai. Mnywaji wa vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, ameshapita kabla hajagusa halua. Kahawa chungu haina neno, tatizo ni kinachotafunwa nayo. Na kutembea: mji huu ulijengwa kwa miguu na punda, lakini siku hizi vijana wanapanda bodaboda kwa mwendo wa dakika kumi.

Lakini kukaripia hakujawahi kumponya mtu. Mgonjwa akitukanwa huficha. Atakwambia anameza dawa, kumbe hamezi. Nimeliona hilo miaka yote ya kazi yangu. Ramadhani ndiyo hatari zaidi: wanaotumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu hubadilisha dozi wenyewe, au huacha kabisa, na hawaulizi kwa kuogopa kugombezwa. Wanatakiwa kuonana na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama.

MCHANGIAJI (Kizingitini)

Hospitali ya Faza tunayo, lakini mwisho wa mwezi ukitaka dawa zako zote unaambiwa nenda Amu. Nauli ya boti kwenda na kurudi inazidi bei ya dawa yenyewe. Mzee wangu anakata kidonge nusu ili kimfikishe mwezi ujao.

MLETA MADA

Dada wa Shela, kwa uzazi umenishinda, nakubali: damu, upasuaji na boti ya dharura yenye mafuta havingoji, na viwekwe pamoja na dawa za zahanati. Mashine nyingine kubwa ndizo nasema zisubiri. Kuhusu kaimati sikufuati. Huyo mzee anayekata kidonge nusu hakosi nidhamu, anakosa dawa.

Bi Muuguzi, ahsante. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, wakapewa mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari. Kipimo bila vijiti hakimsaidii mtu. Nani ana jukumu la kuvijaza, kaunti au Nairobi? Hilo ndilo tuliulize kwa sauti.

Sheria ya fedha za umma inaitaka kaunti ipeleke mkakati wake wa fedha kwenye bunge la kaunti kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na wananchi wasikilizwe. Napendekeza twende na ombi moja la maandishi: kila zahanati ibandike mlangoni, kila Jumatatu, orodha ya dawa za presha na sukari zilizopo na zilizokwisha. Anayepinga aseme kwa nini. Anayekubali aandike zahanati ya kwao na dawa aliyoikosa mara ya mwisho.