Nina miaka 47 na kazi niliyoizoea imenichosha: je, huu ni wito mpya au ni umri tu?

Msafiri wa Adhuhuri (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, nimekuwa msomaji wa kimya hapa kwa muda mrefu, na leo naomba mnivumilie kwa andiko refu kidogo.

Nimekuwa mhasibu kwa miaka 22. Sina ugomvi na mwajiri wangu, mshahara haujawahi kuchelewa, na wenzangu kazini wananiheshimu kiasi cha kuniletea hata mambo yasiyohusiana na hesabu. Hata hivyo, tangu mwaka jana, kila ninapofunga hesabu za mwezi najiona kama mtu anayefagia uwanja huku upepo unavuma. Mtoto wetu wa mwisho amekwenda chuoni, nyumba imekuwa kimya, na baba yangu, ambaye ndiye aliyenichagulia fani hii, alifariki dunia miezi minane iliyopita akiwa na umri wa miaka 71. Tukiwa bado makaburini nilijikuta nimeshatoa 47 kwenye 71 nikapata 24. Mhasibu hata msibani hupiga hesabu.

Tangu siku hiyo naamka saa tisa usiku bila kuamshwa na mtu, nalala chali nikitazama dari hadi alfajiri, na wazo linalonijia ni lilelile: nijiuzulu, nichukue mafao yangu, nifungue karakana ya useremala. Ufundi huo nilifundishwa na mjomba wangu nikiwa kijana, na mpaka leo harufu ya mbao iliyopigwa randa hunituliza kuliko kitu kingine chochote. Mke wangu hunisikiliza kwa utulivu, lakini kila nikitaja kujiuzulu huinuka na kuanza kupanga vyombo ambavyo tayari vimepangwa.

Naomba mnisaidie katika mambo mawili. Mtu anajuaje kwamba hamu hii ni wito wa kweli na si kiwewe cha umri? Na ikiwa ni wito, mwenye majukumu anaanzaje upya bila kuivuruga familia yake?

Mnasihi Mstaafu

Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Nimefanya kazi ya ushauri nasaha kwa miaka mingi, na swali lako la kwanza nimeulizwa na watu wa rika lako mara nyingi kuliko jingine lolote.

Kinachoitwa mgogoro wa umri wa makamo kilipewa jina hilo na Elliott Jaques, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada, katika makala aliyoichapisha mwaka 1965. Alikuwa akichunguza maisha ya wasanii na watunzi, akaona kwamba karibu na umri wa miaka 35 na kuendelea kazi zao zilibadilika au zilikoma, na akadai kwamba kiini chake ni mtu kutambua kwa mara ya kwanza kwamba kifo ni chake yeye pia, wala si habari ya watu wengine. Nadhani unaona kwa nini nimeanza na huyu: hesabu uliyoipiga makaburini ndiyo hasa aliyoizungumzia. Lakini tafiti zilizofuata hazikuthibitisha kwamba kila mtu hupitia mgogoro huo. Watu wazima wa Marekani walipoulizwa, ni takriban robo yao tu waliosema wamewahi kuupitia, na wengi katika hao walikuwa wakieleza tukio fulani, kama vile ugonjwa, talaka, kufiwa au kupoteza kazi, wala si kufikia umri fulani.

Wapo pia wachumi, David Blanchflower na Andrew Oswald, ambao mwaka 2008 walichapisha uchambuzi wa nchi nyingi ulioonyesha kwamba kuridhika na maisha hushuka taratibu tangu ujanani, hufika chini kabisa katika miaka ya arobaini, kisha hupanda tena. Matokeo hayo yana wapinzani, kwa sababu sehemu kubwa ya takwimu za namna hiyo hulinganisha watu tofauti wa umri tofauti badala ya kumfuatilia mtu yuleyule anapozeeka. Mimi nayachukua kama faraja ndogo: huenda sehemu ya uzito unaouhisi haitokani na uhasibu hata kidogo, na kwa hiyo haitaondoka kwa kuacha uhasibu.

Ninachokisisitiza ni hiki. Umefiwa na mzazi, mtoto wa mwisho ameondoka nyumbani, na hulali, yote ndani ya mwaka mmoja. Majonzi yana tabia ya kujivika nguo za uamuzi, nayo huongea kwa haraka na kwa uhakika mkubwa. Usijiuzulu mwaka huu. Na ikiwa, pamoja na kuamka usiku, umepoteza hamu ya chakula au ya mambo uliyoyapenda, na hali hiyo imeendelea kwa zaidi ya wiki mbili, mwone daktari, kwa sababu sonona inatibika, na upungufu wa damu au hitilafu ya tezi ya shingo huweza kuleta uchovu unaofanana nayo. Nimewaona watu walioacha ndoa na kazi kwa jambo ambalo kipimo cha damu kingelieleza.

Fundi Saa

Mleta mada, mimi nilifanya kile unachokitaka, nikiwa na miaka 44, kwa hiyo niruhusu nizungumze kama mtu aliyekwisha kukivuka kivuko chenyewe.

Niliacha kazi ya ofisini Jumatatu moja asubuhi ili nifungue studio ya picha. Wengi hudhani kwamba kilichoniumiza kwanza ni fedha, lakini fedha ziliisha mwezi wa kumi na nne. Mambo mengine yaliisha wiki ya pili. Liliisha jibu la swali "unafanya kazi gani?" Iliisha sababu ya kunyoa ndevu. Waliisha watu waliokuwa wakinisalimia kwa jina kila asubuhi, ambao kwa miaka kumi na tisa niliamini kwamba wananichosha. Kisha nikagundua jambo la aibu zaidi: sikuwa napenda kazi ya picha kiasi hicho, nilikuwa nikimkimbia bosi mmoja, naye akahamishwa miezi mitatu baada ya mimi kuondoka.

Leo nafanya kazi ya mshahara kwa nusu siku, na jioni natengeneza saa za ukutani na za mkononi. Saa sikuzichagua kwa kukaa na kutafakari. Zilinijia kwa sababu jirani aliniletea moja iliyokufa nikaifungua kwa udadisi, nikashtuka kwamba saa nne zimepita bila mimi kujitazama. Ndiyo maana siwaamini wanaokwambia ujifungie ndani kwanza mpaka ujue kusudi la maisha yako, halafu ndipo uchukue hatua. Mtu wa umri wetu huijua kazi kwa mikono yake kwanza, na maelezo huja nyuma.

Kwa hiyo anza na kigoda. Tengeneza vigoda vitatu Jumamosi zako, uviuze kwa watu wasio ndugu wala marafiki, kwa bei halisi. Mteja akirudi akilalamika kwamba mguu mmoja unacheza, jichunguze moyoni wakati huohuo: je, bado unataka kushika randa? Harufu ya mbao ni nzuri kwa mtu asiyedaiwa. Fanya hivyo kwa miezi sita, na wakati huo uandike matumizi halisi ya nyumba yako (hili wewe unaliweza kuliko sisi sote), ujue akiba yako inaiendesha familia miezi mingapi bila mshahara, na mkubaliane na mke wako kiwango ambacho ikishuka chini yake unarudi kuajiriwa bila mjadala. Mafao usiyaguse, hayo ni ya mzee utakayekuwa, na yeye hajaulizwa. Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mke wako anayasema hayohayo kwa kupanga vyombo.

Shangazi wa Wengi

Nimewasoma kaka zangu hapo juu na nakubaliana nao kwa sehemu, lakini naona wote watatu mmeshaamua kwamba maana ya maisha imo ndani ya kazi, na kwamba kilichobaki ni kuchagua kati ya kalamu na randa. Hapo ndipo tunapoachana.

Mimi nina miaka 52. Nilipokuwa na 47 niliamini kwamba roho yangu imekufa. Nilikuwa nikiamka usiku moyo ukienda mbio, nikisahau majina ya watu ninaowajua, nikimkaripia kila mtu kisha nikalia bafuni. Nilikaribia kuacha kazi na kuhama mji. Muuguzi mmoja mwenye busara ndiye aliyeniuliza kuhusu hedhi yangu, na kumbe mwili ulikuwa umeanza safari ya kuikomesha, jambo ambalo kwa wanawake wengi hutimia kati ya miaka 45 na 55 na ambalo dalili zake huweza kutangulia kwa miaka kadhaa. Nilipopata matibabu nikalala, na nilipolala nikagundua kwamba zaidi ya nusu ya matatizo ya roho yangu yalikuwa usingizi. Nalisema hili kwa sababu mbili: Mnasihi ana haki kuhusu daktari, na pia, kaka, mke wako ana umri gani? Umetueleza mengi kuhusu usiku wako. Wa kwake hujautaja.

Nusu iliyobaki ilikuwa ya kweli. Mwanasaikolojia Erik Erikson aliandika mwaka 1950 kwamba kazi kubwa ya umri wetu ni kulea kitu kitakachobaki baada yetu, na kwamba asiyefanya hivyo hudumaa na kujizunguka mwenyewe. Nilipokutana na wazo hilo nilikasirika, kwa sababu nilikuwa nimeshalea watoto wanne na nilitaka kupumzika. Lakini niligundua kwamba kulea wanaokulazimu ni tofauti na kulea unaowachagua. Sasa jioni mbili kwa wiki nawafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kazi yangu ya mchana ni ileile, bado inachosha, na sina tena haja ya kuidai inipe maana.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza mwaka 1938 na kuwafuatilia watu kwa miongo mingi (ulianza na wanaume peke yao, hilo nalo tuliseme). Ulionyesha kwamba waliokuwa wameridhika zaidi na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora zaidi wakiwa na 80, na kwamba kuridhika huko kulitabiri afya yao vizuri kuliko kiwango cha lehemu (kolesteroli) katika damu. Jiulize basi karakana yako itakuwa na nani ndani yake. Ukijifungia humo peke yako na mbao zako, utakuwa umehamisha ukimya wa nyumba ukaupeleka kwenye banda.

Damu Moto

Shikamooni wakubwa. Mimi nina miaka 29 na labda sina haki ya kuchangia uzi huu, lakini naona mnamtisha mleta mada. Peter Mark Roget alichapisha kamusi yake maarufu ya visawe vya Kiingereza mwaka 1852, akiwa na miaka 73! Angewasikiliza watu wa "subiri kwanza" tungekuwa nayo?

Mnasihi Mstaafu

Marahaba, mwanangu, na haki unayo. Mfano wako ni mzuri, ila unasema kinyume cha ulivyoutumia. Roget alikuwa daktari, na kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa katibu wa Royal Society ya London, yaani chama cha wanasayansi. Orodha yake ya kwanza ya maneno aliianza mwaka 1805, akiwa na miaka 26, akaitumia mwenyewe kwa takriban nusu karne huku akiendelea na kazi zake. Alipostaafu alikuwa na kitu mkononi. Hadithi nyingi za watu waliochanua uzeeni zina sehemu kama hiyo ambayo msimuliaji huiruka, na wale walioruka bila kitu mkononi wakaanguka hawasimuliwi kabisa.

Mleta mada naye ana mjomba na randa tangu ujana wake. Hiyo ndiyo orodha yake.

Msafiri wa Adhuhuri (mleta mada)

Nawashukuru wote, na naomba radhi kwa kuchelewa kurudi. Nilitaka nirudi nikiwa nimeshafanya jambo hata moja.

Nimemwona daktari na nasubiri majibu ya damu. Barua ya kujiuzulu, ambayo kwa kweli ilikuwa imeshaandikwa ikabaki tarehe tu, nimeichana. Kigoda cha kwanza kimekamilika na mguu wake mmoja unacheza, kwa hiyo Fundi Saa atafurahi kusikia kwamba sitahitaji kumsubiri mteja ili nipate mlalamikaji. Kuhusu karakana bado naitaka, na wala sitadanganya kwamba hamu imepungua, ila nimeandika matumizi ya nyumba ya miezi mitatu na nimeona kwamba akiba yangu inatosha miezi mitano, si kumi na miwili kama nilivyokuwa nikijiambia saa tisa usiku.

Swali la Shangazi ndilo lililoniumiza. Mke wangu ana miaka 46. Nilimwuliza juzi usiku wake ukoje, naye akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba tangu mwaka jana yeye pia huamka saa tisa, hunisikia nikipumua kama mtu aliye macho, na hulala bila kujitikisa ili asinisumbue. Tumekubaliana kwamba wiki hii atakayeamka kwanza awashe taa.