Dar–Mbeya kwa basi au ndege: tupeane uzoefu, mlango kwa mlango ulitumia saa ngapi?

Wakuu, hesabu ya kawaida wote tunaijua: barabara ni kama kilomita 830, basi saa 12 hadi 14. Ndege inakata chini ya 700, saa moja na dakika ishirini hivi. Mimi nataka ile ya kutoka kwako hadi unakofikia.

Naanza. Juni mwaka juzi nilikata ndege ya asubuhi. Nikatoka Kibamba saa kumi usiku, nikaipita stendi ya Mbezi Luis watu wanapanda mabasi, nikawaonea huruma. Tumefika juu ya Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, rubani anasema ukungu. Tukazunguka weee. Dirishani ni pamba tupu, kilele kimoja tu kimechomoza. Tukarudishwa Dar! Nimeenda Mbeya, nimekunywa juisi, nimeshuka Dar. Tumeruka tena saa nane mchana, halafu Iwambi malori ya Tunduma yamefunga njia. Uyole nimeingia saa kumi na mbili jioni. Nusu saa baadaye jirani yangu anashuka kwenye basi na kiroba chake cha vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, ananiuliza, "Na wewe umekuja na basi gani?"

Mtu wa Mwanjelwa: Pole mkuu 😂 Ukungu wa Songwe haujaanza kwako. Lakini basi nalo msilisifie sana. Mwaka jana lori lililala mlima Kitonga, tukakaa kwenye kona kuanzia saa saba mchana mpaka giza. Maji yakaisha, watoto wanalia, konda kazima simu. Makambako tumepita usiku wa manane, mimi na fulana ya Dar. Jumla saa 22.

Mama Wawili: Mimi nilimpeleka mama mkwe, nyonga imevunjika. Hapo hamna mjadala, ni ndege. Asingekaa saa 13 na yale matuta. Tiketi tulichangishana ukoo mzima, na sijutii hata shilingi.

Msafiri wa usiku: Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku Oktoba 2023 nimeacha kuhesabu. Napanda jioni, nalala, naamka Igawa. Hasara ni moja: Mikumi huoni tembo. Mchana zile kilomita 50 za hifadhini basi linatembea taratibu, abiria wote wamehamia dirisha moja.

Mtu wa Mwanjelwa: Unalala? Kitonga usiku unalala? Hongera.

Mgeni: Naomba msaada wa haraka. Tuna msiba Tukuyu, mazishi kesho kutwa saa nane mchana. Nauli ya ndege ninayo, ila ni ile ya kesho kutwa asubuhi. Na ni Juni hii hii.

Mtu wa Mwanjelwa: Uko wapi sasa hivi? Kama uko Dar, nenda Mbezi leo jioni.