Pampu ya mita 35 inanipa lita 12 tu kwa dakika, hesabu imekosea wapi?

Mkazi_Kisauni
Salaam wataalamu. Maji ya mfereji yanaingia tangi la chini, pampu inayapandisha paani. Kutoka uso wa maji hadi mdomo wa bomba juu ni mita 20. Bomba ni PPR (la plastiki) ya mm 25, urefu mita 45. Nataka lita 30 kwa dakika. Kwenye mlinganyo wa nishati nimeweka f (msuguano wa bomba) = 0.025, jumla ya K (hasara za elbo, valvu na mdomo) = 12, hasara ikatoka mita 3. Kwa hiyo pampu itoe mita 23. Yangu imeandikwa H max (kimo) 35 m, Q max (mtiririko) 35 l/min. Mbona napata 12?

Bomba_na_Hesabu
Mlinganyo hauna kosa, tazama kipenyo. Hiyo 25 ni ya nje, yakhe. PPR ya PN20 (daraja la shinikizo) ina ukuta wa mm 4.2, ndani inabaki 16.6. Kasi inakuwa 2.3 m/s, na v²/2g (kimo cha kasi) ni mita 0.27. Msuguano: 0.025 × (45/0.0166) × 0.27 = mita 18 na kitu. Elbo na valvu, 3.3. Jumlisha na 20, unakaribia 42! Kipenyo kikipungua, msuguano unapanda kwa kipeo cha 5.

Mama_Hidroliki
Kabla hujang'oa bomba: H max ni pale maji hayatoki kabisa, Q max ni pale hayapandishwi popote. Haviji pamoja. Mchoro wa pampu hizi ndogo (kimo dhidi ya mtiririko) hushuka karibu mstari mnyoofu, kwa hiyo kwenye lita 12 yako inatoa kama mita 23, na bomba lako linadai kiasi hichohicho. Ukiweka PPR ya 32 (ndani 21.2) na pampu ileile, utaishia lita 14 hivi. Badilisha vyote viwili: tafuta pampu ambayo mchoro wake unaonyesha lita 30 kwenye mita 27. Nguvu ya maji ni 9810 × 0.0005 × 27 = wati 132. Ufanisi ukiwa 35%, shafti inataka wati 380 hivi, nusu hp itabanwa. Chukua 0.75.

Mkazi_Kisauni
Shukran sana. Na v²/2g ya mdomoni, niijumlishe?

Mama_Hidroliki
Mara moja tu. Nukta ya pili ya mlinganyo ukiiweka mdomoni, v imo tayari, basi punguza K = 1 ya maji kutoka bombani kwenye ile 12. Kwa bomba la 32 ni sentimita 10, usikose usingizi. Angalia zaidi upande wa kufyonza: bomba lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu, na maungio yakivuta hewa itanguruma tu bila kupandisha kitu.